Zulia la Mama Kwenye Kundi la Mbwa

Juma lililopita mliniacha jikoni kwa dada yangu Raili, kahawa imepoa mkononi mwangu, na yeye ameniambia kwa uso mkavu kwamba zulia la Mama alishaliuza.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, mambo yangu ni haya. Naitwa Helka, mkazi wa Kuopio. Mwaka huu umenikalia vibaya. Kiwanda cha maziwa kilinipunguza kazini. Mume wangu akahamia kwa mwanamke wa Jyväskylä. Kisha Mama yetu, Lempi, akaanguka kwenye ngazi za nyumba ya zamani, tukampeleka Koivupiha, nyumba ya wazee. Nikiwa hospitali kwa upasuaji wa nyonga, Raili akaihamisha nyumba nzima peke yake. Hakuacha hata kijiko.

Mama majina yetu yameshamtoka. Mimi ananiita nesi, Raili anamwita mama mwenye koti. Lakini zulia halijamtoka. Kila nikienda ananishika mkono wa sweta na kuniuliza liko wapi.

Si zulia la kukanyaga. Ni la sufu nzito, limefungwa fundo kwa fundo kwa mkono, jekundu la kutu na kahawia. Zamani watu walijifunika nalo kitandani, siku hizi wanalitundika ukutani. La kwetu lina mti, ndege wawili juu ya mti, na chini ya mti herufi moja, A. Tangu utotoni tuliambiwa A ni Alma, bibi yetu.

Basi jikoni pale nikamuuliza Raili amemuuzia nani.

Akasema amemuuzia yule bwana mwenye gari la mizigo, anayehamisha nyumba za wazee. Bwana alibeba lundo zima: mapazia, mablanketi, mataulo ya sauna, na zulia likiwa chini kabisa.

Nikampigia simu papo hapo. Bwana akanijibu kwa upole, kama mtu aliyeulizwa habari za hali ya hewa. Vitu vyote alishaviuza kimoja kimoja kwenye soko la mtandaoni. Kwa nani, hakumbuki. Vitu vinakuja, vitu vinakwenda.

"Ndiyo hivyo," Raili akasema akiosha vikombe. "Lakini watu wa siku hizi hawakai na kitu. Aliyelinunua ataliuza tena. We chungulia kwenye simu yako."

Alisema hivyo ili niondoke jikoni kwake. Mimi nikalichukua kama agizo.

Nikafika nyumbani, nikavua viatu, nikakaa mezani na simu. Nikaandika neno moja: zulia.

Jamani.

Yalikuja mazulia ya nchi nzima, kutoka pwani ya kusini hadi huko juu kunakoishia miti. Mazulia ya gari. Ya bafuni. Ya plastiki ya varandani. Zulia la mazoezi ya viungo, limetumika mara moja. Nilishuka na kidole mpaka kidole kikachoka, na sikuwa nimemaliza hata matangazo ya siku ile.

Ghorofa ya chini yangu anakaa Seppo, mzee mstaafu ambaye maisha yake yote sasa ni kununua vipuri vya injini za boti mtandaoni. Nikamgongea. Akavaa miwani, akatazama simu yangu, akatikisa kichwa.

"Helka, wewe hutafuti. Unateka maji kwa pakacha."

Akanieleza kwamba soko lile lina makundi, na ndani ya kila kundi kuna makundi mengine madogo, na mtu mwenye akili haandiki neno akaomba Mungu. Anaingia mlango kwa mlango. Nyumba na samani. Humo ndani, vitambaa vya nyumbani. Humo ndani, mazulia. Humo ndani, yaliyofumwa kwa mkono. Kisha unachagua mkoa. Kisha rangi.

Tukafanya hivyo pamoja. Kila alipobonyeza, orodha ikapungua, na moyo wangu ukapanda. Mwisho yakabaki machache ya kuonekana yote kwa mara moja.

La Mama halikuwamo.

Seppo akasema si neno, tuweke arifa. Likija zulia jekundu la mkono katika mkoa wetu, simu italia yenyewe. Akanisukumia kipande cha mkate mtamu wa iliki, akarudi kwenye vipuri vyake.

Simu ikaanza kulia. Ikalia nikiwa dukani, ikalia nikiwa kwa mtaalamu wa viungo nanyooshwa nyonga. Kila ikilia naacha kila kitu. Zulia lenye mbweha. Zulia lenye paa anayekunywa maji. Zulia lililoandikwa "la mkono" na mtu ambaye hajui mkono ni nini.

Mara moja nikajiona nimelipata. Picha ilikuwa ya ukungu, lakini niliona wekundu, niliona kitu kama mti. Muuzaji yuko Varkaus. Nikaendesha gari mpaka huko na nyonga inaniwaka. Mwanamke akanifungulia, akalitandaza sebuleni. Lilikuwa la kiwandani, na ule mti ulikuwa mlingoti wa meli.

Nikasimama nalitazama. Yeye naye akanitazama mimi.

"Kwani ulitaka zulia au ulitaka makumbusho?" akaniuliza.

Njia nzima ya kurudi sikuwasha redio.

Hapo nikaanza kuyalaumu yale makundi. Nikawaza: rangi ndiyo inayoniharibia. Ninachokiita jekundu, mwingine anakiita kahawia, mwingine chungwa. Nikaitoa rangi. Yakaja mengi mno. Nikarudisha rangi, nikatoa mkoa. Yakafurika. Nikatoa "la mkono", maana muuzaji asiyejua atajuaje? Nikawa nimerudi kwenye mazulia ya bafuni.

Nikibana, halipo. Nikilegeza, nazama. Siku zikaenda hivyo, na mimi naongea peke yangu kama mtu anayebishana na mlango.

Huku nyuma hali ya Mama ikawa inaharibika. Nesi wake, Marjut, akanivuta pembeni kwenye korido. Akaniambia Mama anafumua matandiko ya vyumba vya wenzake akitafuta. Asubuhi ile walikuwa wamemkuta uani, amevaa ndara tu, anachimbua theluji kwa mikono. Marjut hakunificha. Alipokuwa anasema uongozi unazungumza juu ya kumhamishia wodi ya mlango wa kufungwa, huko Siilinjärvi, alikuwa ananitazama machoni.

"Mtu wa namna yake akifungiwa, hatoki tena," akasema. "Kama hilo zulia lipo duniani, lilete."

Nikamtazama Mama kupitia mlango. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kucha zimeingia udongo wa chini ya theluji.

Nilipotoka nikampigia Raili. Sikumsalimu. Nikamwambia amuulize yule bwana wa gari zulia aliliweka kundi gani alipoliuza, maana mimi nimeshaingia milango yote.

Akanipigia baada ya muda. Bwana hakuliweka kwenye mazulia. Hakuliweka kwenye vitambaa wala kwenye vitu vya kale. Hana muda wa mambo hayo. Kila asichokijua yeye hukitupa kundi moja.

"Kundi gani?"

"Mengineyo."

Nikarudia lile neno polepole. Wiki zote zile nilikuwa nalitafuta kwa watu wanaojua zulia ni nini, na lenyewe lilikuwa limepita mikononi mwa mtu asiyejua, likaenda kwa mtu ambaye labda hajui zaidi yake.

Nikamwambia Raili kwamba ni yeye. Ni yeye aliyelitoa ukutani na kulitupa chini ya mataulo ya sauna kama tambara. Nikasema na mengine, ambayo hata hapa siyaandiki.

Raili si mtu wa kunyamaza.

"Helka, nisikilize vizuri," akasema. "Wewe ulikuwa umelala hospitali, unaletewa supu. Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya ile nyumba. Hilo zulia lilikuwa linanuka. Lilikuwa na manyoya yamegandana kama mbwa aliyelowa mvua. Nani mwenye akili zake angeliacha hilo ukutani?"

Nikataka kumjibu. Maneno yake yakanirudia.

Kama mbwa aliyelowa mvua.

Nikakata simu bila kuaga. Nikafungua soko lile pale pale ndani ya gari, kwenye maegesho ya Koivupiha. Sikuandika zulia. Nikaingia kundi la wanyama. Ndani yake, mbwa. Ndani yake, vitanda na mablanketi. Nchi nzima, rangi yoyote.

Nilishuka kurasa chache tu.

"Blanketi zito kwa mbwa mkubwa. Limefuliwa. Mbwa wetu hataki kulilalia."

Kwenye picha kulikuwa na mbwa wa manyoya, mkubwa kama ndama, amekaa nusu juu ya blanketi na nusu juu ya sakafu, amegeuza uso kwa dharau. Chini ya mkia wake ndege mmoja. Chini ya tumbo lake shina la mti. Herufi haikuonekana, mguu wa mbwa ulikuwa umeifunika. Lakini yule ndege namjua kuliko ninavyowajua wajomba zangu. Bawa moja ni fupi. Mfumaji alikosea hesabu.

Nililia ndani ya gari mpaka vioo vikashika ukungu.

Kisha nikasoma mstari wa chini, mji aliko muuzaji. Iisalmi. Na pembeni yake: kuna mtu ameshawekewa.

Nikamwandikia muuzaji, anaitwa Jouni. Niliandika kama mtu anayefukuzwa. Nikamweleza Mama yangu Lempi yuko Koivupiha hapa Kuopio, nikamweleza ndara na theluji, nikamweleza wodi ya kufungwa. Nikaweka na jina langu chini.

Akanijibu baada ya chakula cha mchana, na jibu lake lilikuwa la Kisavo kabisa, la watu wa huku kwetu Savo, la mtu anayekupa maneno na kukuachia wewe kazi ya kuyaelewa. Huenda limekwisha, huenda halijakwisha. Kuna mama wa Joensuu amesema atakuja Jumamosi kulichukua. Akija, limekwisha. Asipokuja, halijakwisha.

Nikamsihi. Nikamwambia ni la mama yangu.

"Kila mtu ana mama," akaandika. "Na huyu wa Joensuu kasema hivyo hivyo."

Nikaona ananitania.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa gazeti lichanike. Lakini niliahidi kusimulia, na ninasimulia.

Jumamosi niliamka kabla hakujapambazuka. Nilijua Joensuu ni mbali na Iisalmi kuliko Kuopio. Njiani theluji ilikuwa inageuka maji, magari ya mizigo yananirushia tope kiooni, na mimi kichwani nina sala moja tu: yule mama atobokewe gurudumu. Ndiyo, niliomba hivyo. Hadi Lapinlahti, karibu nifike, niliomba hivyo.

Jouni alikuwa juu ya paa la sauna yake, anasukuma theluji kwa koleo. Mbwa akaja kunipokea, akaninusa mikono. Jouni akashuka, akafuta jasho.

"Wewe ndiye wa Joensuu?"

Nilikuwa nimejiandaa kumlilia. Nilikuwa nimejiandaa kumpa mara mbili ya bei. Lakini sikuwa nimejiandaa kwa mlango ulio wazi.

"Ndiyo," nikasema.

Neno moja. Lilitoka laini, kana kwamba lilikuwa limekaa mdomoni tangu nyumbani.

Akaniuliza barabara ilikuwaje, nikasema mbaya. Akasema kutoka Joensuu ni mbali, nikakubali kwamba ni mbali. Nikadhani atanipa zulia niondoke. Lakini kwetu mtu haondoki na kitu uani kama mwizi. Akaniingiza ndani, akawasha jiko la kahawa.

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nasikia kila gari linalopita barabarani. Jouni hakuwa na haraka. Akakata mkate, akapaka siagi mpaka pembeni. Akaniuliza kama naitwa Kaisu, au amesahau.

"Kaisu," nikasema. Hilo la pili lilitoka kwa shida kidogo.

"Unajua, Kaisu, mimi sikuijua ile herufi mpaka uliponiandikia," akasema. "Nikaenda kuangalia baada ya ujumbe wako. Kweli, chini ya mti, A. Nikamwambia mke wangu, huyu mama hatanii, analijua."

Nikaurudisha mkate kwenye sahani. Mimi katika ujumbe wangu sikuitaja herufi.

Kwenye picha herufi ilikuwa chini ya mguu wa mbwa. Nilikuwa nimeikuza ile picha mpaka ikawa vidoadoa, na herufi haikuonekana. Mimi ninaijua kwa sababu nimelala chini yake utoto wangu wote. Huyo Kaisu wa Joensuu aliijua wapi?

Mtu mwenye akili timamu angeuliza. Angekaa pale pale, amsubiri huyo mama, wazungumze kama watu wazima. Mimi nilisimama kahawa haijafika nusu, nikatoa pesa, nikalikumbatia zulia kama mtoto aliyetolewa majini, nikaondoka. Mbwa alinifuata mpaka kwenye lango na kunitazama kwa huzuni, nami nikakwepa hata macho ya mbwa.

Nyumbani nililitandaza uani kwenye theluji iliyobaki, nikalipiga kwa ufito kama tulivyokuwa tukifanya na Mama, mpaka theluji ikawa ya kijivu na zulia likawa na rangi yake. Seppo alitazama dirishani, akainua kikombe chake kunipongeza. Sikuinua mkono.

Nikalipeleka Koivupiha.

Mama alikuwa kwenye kiti cha dirishani. Nikaliweka magotini mwake. Alilitazama. Kisha akaingiza mikono yote miwili ndani ya sufu, mpaka kwenye vifundo, kama mtu anayeingiza mikono kwenye maji ya uvuguvugu. Mabega yakashuka. Tangu aanguke sikuwahi kuona mabega yale yakishuka.

Hakuuliza kitu. Akalala hapo hapo kwenye kiti, mdomo wazi, anakoroma.

Marjut alikuja kuchungulia, akafunga mlango taratibu. Jioni ile akanipigia kuniambia Mama amekula chakula chote, hajagusa kitanda cha mtu, na yeye ataandika hivyo hivyo wakubwa wasome. Habari za Siilinjärvi zingengoja. Nikampigia Raili, nikamwambia. Kisha akasema kesho atakuja na keki, na kwa Raili hiyo ndiyo samahani.

Nilijilaza kwenye kochi, kwa mara ya kwanza mwaka huu nikajiona nimeshinda kitu.

Simu ikaita mlio ule wa soko. Nilisahau kuzima arifa.

Haikuwa arifa. Alikuwa Jouni.

"Wewe si Kaisu. Kaisu yuko jikoni kwangu hapa, analia."

Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Kabla sijatuma chochote akaniandikia mara ya pili.

"Ujumbe wako wa kwanza bado ninao, Helka wa Kuopio. Mama yako Lempi, Koivupiha. Nimempa."

Jumapili nilitaka kukaa nyumbani, nikaogopa kukaa nyumbani. Nikaenda mapema. Raili akaja na keki yake ya jamu na koti lake jipya. Mama alikuwa kitandani amejifunika zulia mpaka kidevuni, usingizi mzito, uso umepata rangi. Raili alisimama miguuni pa kitanda akamwangalia. Akanong'ona kwamba hakujua. Kama angejua asingeliuza. Nikamwambia najua.

Sikumwambia habari za Iisalmi. Nilikuwa natafuta pa kuanzia mlango ulipogongwa.

Aliingia mwanamke wa umri wangu, pengine kunizidi kidogo, koti la kijivu, viatu vimeloa. Nilitarajia uso wa hasira. Huyu alikuwa na uso wa mtu aliyeendesha gari akijizuia kulia.

"Nani kati yenu ni Helka?"

Nikasema ni mimi.

"Sikuja kugombana," akasema. "Ningetaka kugombana ningekuja na polisi. Naitwa Kaisu."

Raili akanigeukia, kisu cha keki kiko mkononi. Nikamwambia nitamweleza baadaye.

Kaisu hakukaa. Alisimama pale pale mlangoni akasimulia kwa sauti ya chini ili asimwamshe mgonjwa. Mama yake alikuwa mtoto wa Karelia, upande wa mpakani mashariki, wa wale waliohamishwa wakati wa vita wakapangiwa nyumba za watu huku Savo. Walikaa kwenye nyumba ya wenyewe msimu mmoja wa baridi. Walipoondoka, mkokoteni ulijaa, zulia likabaki. Mama yake alilizungumzia maisha yake yote: mti, ndege mwenye bawa fupi, herufi chini. Hakujua ni nyumba gani, alikuwa mdogo. Alipokufa, Kaisu akaanza kulitafuta.

"Nimelitafuta kwenye mazulia," akasema. "Nimelitafuta kwenye vitu vya kale, kwenye vitambaa, mkoa kwa mkoa. Watu waliniona nimechanganyikiwa. Kwenye mbwa niliingia kwa bahati tu, namtafutia binti yangu kikapu."

Nilitazama sakafu. Alikuwa amepita njia ile ile niliyopita mimi, ila yeye alikuwa ameipita kwa miaka.

"A ni Aune," akasema. "Ni mama yangu."

Raili akaweka kisu chini. "Pole kwa msiba, mama," akasema. "Lakini A ni Alma, bibi yetu. Kila mtu wa Karelia aliacha kitu mahali. Sisi tutajuaje kwamba ulichoacha wewe ndicho hiki?"

"Hamwezi kujua," Kaisu akasema. "Mimi pia siwezi kuwathibitishia. Nilitaka tu nilione kwa macho. Niliwekewa mimi, na dada yako akalichukua kwa jina langu."

Raili akanitazama. Sikukana. Uso wake ukabadilika, na mara moja nikajua ametoka upande wangu.

Nikaenda kitandani. Nilisema nitamwonyesha herufi, aione, kisha tuzungumze nje. Nikashika pindo la chini, nikalivuta kidogo, taratibu.

Mama akafungua macho.

Hakunitazama mimi wala Raili. Alitazama mlangoni, kwa yule mwanamke wa koti la kijivu. Kisha akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la mtoto wa shule.

"Aune," akasema. "Umechelewa. Njia ilikuwa mbaya?"

Kaisu akashika fremu ya mlango.

Mama, ambaye hakumbuki jina nililopewa na yeye mwenyewe, akajiinua kwa viwiko. Akaanza kulisukuma zulia kutoka kifuani, polepole, kwa mikono yote miwili, kuelekea mlangoni.

"Njoo uchukue," akasema. "Nimekutunzia. Hawa walitaka kuliiba."

Kaisu akapiga hatua moja, akasimama, akanitazama mimi.

Ncha nyingine ya zulia nilikuwa nimeishika, na vidole vyangu vilikataa kuiachia.